Bifu la Nzi Mkavu: Wakili Aliyeshindwa Ukumbini, Samaki Wakampa Ushindi

Watu wengi wanadhani bifu zilianza na Instagram. Mtu anarusha dongo, mashabiki wanagawanyika timu mbili, kila timu inaleta ushahidi wake, mwisho wa siku mmoja anafunga akaunti na kupotea. Kumbe wazee wa Uingereza walishayafanya hayo yote zamani, tena bila simu. Na walichokuwa wanagombania ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba: ndoana iliyofungwa manyoya ya jogoo ili ifanane na mdudu.

Swali lenyewe lilikuwa hili. Huyo mdudu wa bandia aelee juu ya maji, au azame? Basi, ni hilo tu. Kwa swali hilo watu wazima, wenye hela zao na heshima zao, walinuniana miaka na miaka. Waliandika vitabu vya kujibishana. Na mwaka 1938 wakakutana ukumbini jijini London kujadili mambo ya mzee mmoja wa miaka 79 ambaye kosa lake lilikuwa kuangalia chini ya maji wakati wenzake wote wanaangalia juu.

Majina ya wahusika yamo vitabuni, mvuvi yeyote wa huko anayajua. Hapa wataitwa kwa nafasi zao tu: Tajiri, Rafiki, Wakili na Mlinzi wa Mto. Inatosha, kwa sababu stori hii ukiitazama vizuri utagundua inatokea kila mahali ambapo watu wanashika sheria na kusahau ilitoka wapi.

MTO WENYEWE SI WA KAWAIDA

Ili uelewe kwa nini watu walikasirikiana hivyo, uanze na maji. Kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Hampshire, kuna mito miwili maarufu sana kwa wavuvi: Test na Itchen. Ardhi ya huko chini ni mwamba mweupe wa chaki. Mvua ikinyesha, maji mengi hayakimbilii mtoni na matope yake kama tulivyozoea kuona mitaroni. Yanazama. Yanapita polepole ndani ya mwamba, yanachujwa, yanakaa huko chini muda mrefu, halafu yanatokea tena kwenye chemchemi.

Kwa hiyo maji yanatoka ardhini yakiwa na joto karibu lile lile mwaka mzima, kama nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Wakati wa baridi kali hayagandi, wakati wa joto yanabaki ya ubaridi. Na ni masafi kiasi kwamba ukisimama ukingoni unamwona samaki mmoja mmoja, unaona anavyopumua, unaona anavyofungua mdomo. Majani ya majini yanastawi, wadudu wanazaana kwa wingi, na samaki wanaokula wadudu hao wananenepa. Sehemu kubwa ya mito ya chaki iliyopo duniani iko Uingereza, kwa hiyo si kitu cha kukikuta popote.

Samaki anayetafutwa ni trauti. Wa asili ya huko ni wa kahawia, mwenye madoadoa ubavuni. Wakenya wanamfahamu, maana mwaka 1905 mayai yake yaliletwa kutoka Scotland na watoto wake wakaachiwa kwenye mto Gura, kule milima ya Nyandarua. Trauti anapenda maji baridi yenye hewa nyingi. Maji yakipata joto au yakichafuka, anakuwa wa kwanza kuondoka au kufa.

Sasa angalia chakula chake. Wadudu wa mto wanaishi maisha mawili. Sehemu kubwa ya umri wao wanakaa chini, kwenye changarawe na majani, wakiwa tunutu: mdudu mchanga asiye na mabawa kamili. Siku ikifika tunutu anapanda juu, ngozi yake inapasuka, anatoka mdudu mwenye mabawa. Anatulia kidogo juu ya maji kama mashua ndogo yenye tanga, kisha anaruka. Baadaye anajamiiana, anataga mayai mtoni, anakufa. Hayo maisha ya hewani yanaweza kuisha kwa siku moja au mbili tu.

Trauti anakula katika hatua zote hizo. Akimkamata mdudu juu ya maji unaona duara la mawimbi, na mvuvi anafurahi. Lakini mlo wake mwingi anaupata chini, kimya kimya, bila duara lolote. Ukishika jambo hilo umeshika bifu zima.

TAJIRI NA RAFIKI ASIYETAKA KIKI

Mwaka 1879, kwenye duka la vifaa vya uvuvi mjini Winchester, walikutana wanaume wawili. Mmoja ni Tajiri, mtoto wa familia ya wafanyabiashara, mtu wa mpangilio, anayetaka kila kitu kiandikwe na kipimwe. Mwingine ni Rafiki. Huyu wengi walimhesabu kuwa mvuvi bora wa trauti nchini kote, lakini hakuwa na haja ya kujulikana.

Wakaanza kazi ambayo mtu mvivu asingeiweza. Walikaa ukingoni na kuwakamata wadudu halisi, wakawachunguza rangi, mkia na mabawa, kisha wakatengeneza wa bandia wa kufanana nao, wakifunga manyoya na uzi juu ya ndoana ndogo. Lengo lilikuwa nzi mkavu, yaani yule anayetua taratibu juu ya maji na kuelea bila kuloa, ili trauti adhani ni mdudu aliyetoka kubadilika sasa hivi.

Uvuvi wa nzi wa bandia haukuanza na wao. Mwandishi mmoja wa Dola ya Rumi, kama miaka 1,800 iliyopita, alishaeleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili kuwadanganya samaki wenye madoadoa. Na mwaka 1496 Waingereza walikuwa na kitabu kilichochapwa chenye maelekezo ya kutengeneza nzi 12. Hata kuelea kulishajulikana kabla ya wawili hawa. Walichofanya wao ni kukusanya, kupanga na kuthibitisha.

Mwaka 1886 kitabu kikatoka, Floating Flies and How to Dress Them, chenye picha za rangi zilizopakwa kwa mkono. Tajiri alijua nusu ya elimu iliyomo ni ya Rafiki, na alitaka majina yote mawili yakae kwenye jalada. Rafiki akakataa. Kwa hiyo kitabu kikatoka na jina moja, na Rafiki akarudi zake mtoni. Alifariki mwaka 1896. Siku hizi mtu akishika kamera tu kwenye shuti anataka atajwe. Yule jamaa alijenga nusu ya nyumba na hakutaka hata kibao mlangoni.

STAILI IKAGEUKA DINI

Mwaka 1889 Tajiri, akiwa na miaka 45, aliachana na biashara ili aishi kwa ajili ya mto na vitabu. Mwaka huo huo akatoa kitabu cha pili, na kikawa kama katiba. Utaratibu ulikuwa hivi: usirushe ndoana ovyo. Tafuta kwanza samaki anayekula juu ya maji. Tambua anakula mdudu gani. Chagua nzi anayefanana naye. Simama nyuma ya samaki, rusha kuelekea mto unakotoka, nzi atue mbele yake na aelee wenyewe bila kuvutwa.

Haki yake apewe. Staili hiyo ni nzuri, ni ngumu, na ina heshima kwa samaki. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanaacha nzi waliozama wavutwe na maji kuelekea chini ya mto, wakisubiri bahati. Tajiri aliwafundisha watu kuangalia kabla ya kurusha.

Tatizo likaja kwa wafuasi. Wao waliichukua staili ile kama mpaka wa ustaarabu. Anayevua kwa nzi mkavu ni muungwana, anayezamisha ni wa kuja. Ikumbukwe pia kwamba mito ile si ya umma. Kingo zake ni mali ya watu na zilikodishwa kwa vikundi vidogo vya wenye uwezo. Ukipewa nafasi ya kuvua pale unafuata sheria za wenye kikundi, la sivyo mwaka ujao hujaalikwa. Kwa hiyo mawazo ya kitabu yakawa masharti ya kuingia getini.

Na waliokuwa wakifanya kazi zenyewe hawakuulizwa. Nzi wengi wa madukani walifungwa na wanawake ambao majina yao hayakufika kwenye jalada lolote. Majani ya mto yalikatwa na kingo zilitunzwa na walinzi wa mto, watu wa vijijini, ambao walikuwa mtoni kila siku ya Mungu wakati mabwana wanakuja wikiendi.

WAKILI NA KIJIKO CHAKE

Ndipo anaingia Wakili. Alizaliwa mwaka 1858 Newfoundland, akasoma Winchester, akafanya kazi ya sheria London. Hakuoa. Kuanzia mwaka 1883 alikuwa anavua kwenye sehemu ya mto Itchen inayoitwa Abbots Barton, na aliendelea kuvua hapo kwa zaidi ya miaka 50.

Mwanzoni alikuwa mfuasi kabisa wa Tajiri. Alisoma vitabu vyake, akafuata sheria. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, likamtokea jambo dogo. Nzi wake mmoja alikuwa amefungwa vibaya, manyoya machache, akagoma kuelea. Akazama. Trauti akamchukua. Wakili akarusha tena, akapata tena.

Mtu mwingine angesema bahati, akabadilisha nzi na kusahau. Wakili alikuwa mtu wa ushahidi. Akajiuliza: kama samaki wanakula juu tu, huyu amekula nini chini? Na kwa nini kuna siku maji yamejaa wadudu wanaoelea, samaki wanaonekana wakijigeuza karibu na uso wa maji, lakini nzi mkavu hawamtaki hata kumwangalia?

Akatafuta jibu tumboni. Alichukua kijiko chembamba, kile cha kutolea uboho kwenye mifupa, akawa anaingiza kwenye koo la trauti aliyekwisha kuuawa, anatoa alichokula, anakimwaga kwenye chombo cheupe chenye maji na kukitenganisha. Humo alikuta tunutu. Tena tunutu wengi. Samaki wale waliokuwa wanamkataa mdudu wa juu walikuwa bize kuwala wadudu wachanga waliokuwa njiani kupanda.

Basi akaanza kufunga tunutu wa bandia, wembamba, wa kuzama kidogo tu. Lakini hakurudi kwenye uvuvi wa bahati nasibu. Alibaki na nidhamu yote ya Tajiri: tafuta samaki mmoja, jua anakula nini, simama nyuma yake, rusha kuelekea mto unakotoka. Tofauti ilikuwa sentimita chache tu, juu ya uso wa maji au chini yake.

MWAKA 1910, VITABU VIWILI

Mwaka 1910 kila upande ulitoa kitabu. Tajiri alitoa kikubwa, chenye orodha ya nzi 33 ambao kwake walitosha kwa kila hali. Wakili akatoa kidogo, Minor Tactics of the Chalk Stream. Hata jina lenyewe la kinyenyekevu, lilimaanisha mbinu ndogondogo za mto wa chaki, kama mtu anayeomba apishwe kidogo kwenye daladala.

Hakuapishwa. Tajiri na watu wake walikuwa na hoja zao. Walisema tunutu halisi anaogelea na kuchezacheza, kwa hiyo manyoya yaliyokufa kwenye ndoana hayawezi kumwiga. Walisema kuvua chini ya maji kunawajeruhi samaki wengi na kuwatia woga, na wenzako wakija kesho hawapati kitu. Hiyo ya pili si hoja ya kijinga, maana maji ni ya kugawana. Lakini ya kwanza samaki wenyewe walikuwa wameshaijibu, na jibu lilikuwa ndani ya chombo cheupe cha Wakili.

Tajiri alifariki mwaka 1914. Hapo ndipo ungetegemea bifu life. Wapi. Mwenye hoja akishaondoka, wanaobaki na kitabu chake huwa wakali kuliko yeye. Tajiri akiwa hai angeweza siku moja kuona na kubadilika, maana alikuwa mtu wa kuchunguza. Wafuasi hawakuwa wanachunguza, walikuwa wanalinda. Wakili naye hakunyamaza: mwaka 1921 akatoa kitabu kingine kinachochambua trauti anaona nini na anaonjaje, na akaendelea kuandika makala magazetini, mara nyingi kwa majina ya bandia.

USIKU WA UKUMBINI

Tarehe 10 Februari 1938, klabu ya wavuvi wa nzi jijini London, iliyoanzishwa mwaka 1884, iliitisha mjadala kuhusu uvuvi wa tunutu kwenye mito ya chaki. Wakili alikuwa na miaka 79. Alikwenda na kujitetea mwenyewe, kama alivyowatetea wateja wake maisha yake yote.

Hakupata ukumbi. Wengi wa waliosimama walikuwa upande wa nzi mkavu. Hakuna aliyeweza kukanusha kilichokuwa tumboni mwa trauti, kwa hiyo mjadala uliegemea kwenye mila: hapa kwetu hatuvui hivi.

Kilichouma zaidi hakikutokea ukumbini. Kule Abbots Barton kwenyewe, wenzake aliokuwa anashirikiana nao mto walikuwa wanalalamika kuhusu staili yake. Mwaka huo huo wa 1938, baada ya zaidi ya nusu karne, Wakili aliiachia nafasi yake. Hebu piga picha: mzee anajua kila jiwe, kila kona anapolala samaki mkubwa, ameshazika marafiki wengi waliowahi kukaa naye kwenye benchi la ukingoni, halafu anakunja mwanzi wake na kuondoka kwa sababu ya kitu ambacho ni cha kweli.

Hakuwatukana. Mwaka 1939 alichapisha kitabu kingine, safari hii kikiwa chote kuhusu tunutu, akaendelea kuvua kwingine hadi uzee ulipomzuia.

MLINZI WA MTO ANAMALIZA KAZI

Sasa sogea jimbo la jirani, Wiltshire, mto Avon, kijiji cha Netheravon. Hapo kulikuwa na kijana aliyezaliwa mwaka 1906 ambaye kazi yake ilikuwa kulinda na kutunza mto wa wengine. Hakuwa na shule kubwa wala nafasi kwenye klabu. Alichokuwa nacho ni saa nyingi za kila siku akiangalia maji.

Wakili, akiwa mzee, alifahamiana naye na kumtia moyo aandike. Na huyu Mlinzi akapeleka jambo mbele. Aliona kwamba tunutu halisi akiogelea hanyooshi miguu, anaibana. Basi manyoya ya kuigiza miguu ya nini? Akayatoa. Alichukua nyuzi za manyoya ya mkia wa ndege mmoja wa mashambani, ndugu wa kwale, mwenye rangi ya kahawia iliyoungua. Badala ya uzi akatumia waya mwembamba wa shaba. Waya ule ule unafunga, unaongeza uzito ili azame haraka, na unang'aa kidogo kama mdudu. Vitu viwili tu, manyoya na waya. Huyo ndiye tunutu ambaye leo, akiwa amebadilishwa hapa na pale, yuko kwenye maboksi ya wavuvi wa trauti dunia nzima.

Na ile hoja kwamba tunutu wa bandia hachezi? Mlinzi aliijibu kwa mkono. Nzi akifika karibu na samaki, alinyanyua mwanzi kidogo tu, tunutu akapanda kama anakwenda kubadilika. Trauti anajirusha bila kufikiri. Mwaka 1958 kitabu chake kuhusu mbinu hizi kikatoka, kimeandikwa na mtu ambaye kwa sheria za zamani alitakiwa akate majani na abebe samaki wa mabwana. Alifariki mwaka 1980, palepale ukingoni mwa mto wake.

NA SASA HIVI?

Leo hii kuna sehemu za mito ya Hampshire ambazo bado zinataka nzi mkavu tu, na nyingine zinaruhusu tunutu kuanzia Julai. Siku moja ya kuvua kwenye maji mazuri ya mto Test inaweza kukugharimu mamia ya pauni. Lakini hakuna mvuvi mwenye akili timamu anayebisha kwamba trauti anakula chini. Bifu limekufa lenyewe.

Lililobaki ni zito kuliko lile. Maji yanavutwa kutoka kwenye mwamba wa chaki kwa ajili ya nyumba na miji, na yanayovutwa hayafiki kwenye chemchemi. Mbolea za mashambani na maji taka yanaingia mtoni, na wadudu wa mto ni kati ya wa kwanza kuumia. Wadudu wakipungua, nzi mkavu na nzi aliyezama wote wanakosa kazi. Wale wazee walipoteza miaka mingi wakibishana kuhusu sentimita chache za maji, wakiamini maji yenyewe yatakuwepo siku zote.

Wakili alifariki mwaka 1949 akiwa na miaka 90. Majivu yake yalirudishwa Abbots Barton, yakamwagwa kando ya mto Itchen, pale pale alipoondoka bila kupenda. Safari hii hakuna aliyemwuliza kama ataelea au atazama.

Wewe ungekuwa ukumbini usiku ule wa 1938, ungepiga makofi upande gani? Jibu kwa ukweli. Nzi mkavu alikuwa na ukumbi mzima, Wakili alikuwa na kijiko.